Taif haina timu Ligi Kuu lakini ilipewa fainali ya Ronaldo. Bukoba je?

MULEBA, usiku wa Agosti 12, 2023. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi pale stendi, mimi na washkaji wanne. Kila mtu na sweta lake, kahawa ya kutafuna inapita mkono kwa mkono, na macho yote kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka. Cristiano Ronaldo alikuwa ametoka kuifunga Al-Hilal mabao mawili, Al-Nassr ikiwa imebaki na wachezaji tisa uwanjani. Mechi iliisha 2-1 baada ya dakika 120, na Al-Nassr wakabeba Kombe la Klabu Bingwa za Kiarabu kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Washkaji walikuwa wanabishana kuhusu lile bao la kichwa la dakika ya 98. Mimi nilikwama kwenye jambo jingine kabisa. Al-Hilal ni timu ya Riyadh. Al-Nassr nayo ni ya Riyadh. Huko kwao kuna viwanja vya kutosha. Sasa kwa nini fainali kubwa namna ile, dunia nzima inamtazama Ronaldo, ichezwe Taif, mji wenye uwanja wa watu kama 20,000 na ambao hauna hata timu Ligi Kuu?

Jibu lake ni jepesi mno. Walifuata hali ya hewa.

Naandika haya Julai 2025, wiki chache tangu Kagera Sugar ishuke daraja, na nakiri kwamba Taif imenirudia kichwani kila nikipita Kaitaba.

Kwa wasioijua, Taif ipo magharibi mwa Saudi Arabia, juu ya milima, karibu mita 1,800 na ushee kutoka usawa wa bahari. Makka ipo bondeni, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari. Mahujaji wetu wengi wanaifahamu, kwa sababu wapo wanaopelekwa ziara huko, wanapanda ile barabara ya Al-Hada inayojikunja mlimani kama nyoka. Waislamu wanaijua Taif tangu madrasa. Ndiko Mtume Muhammad alikokwenda kuomba watu wamsikilize kabla ya Hijra, akarudishwa kwa mawe.

Ni mji wa zamani sana, wa zabibu, makomamanga na mawaridi. Wafalme wa Saudia walikuwa wanahamia huko kiangazi, na serikali inawafuata na mafaili yake. Mfalme Abdulaziz, mwanzilishi wa taifa lile, alifia huko huko mwaka 1953. Mwaka 1989 wabunge wa Lebanon walipelekwa Taif kusaini mkataba wa kumaliza vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Wasaudi wakiwa na jambo zito na nje jua linachoma, wanapanda mlima.

Basi na kwenye mpira wakafanya vile vile. Mashindano yale ya 2023 yalianza mwishoni mwa Julai, wakati Riyadh mchana inagonga nyuzi 43, 44. Huwezi kuleta Wydad, Raja, Esperance na Zamalek halafu uwachezeshe kwenye tanuri. Waandaaji wakaipeleka michuano yote kwenye miji mitatu ya milimani: Taif, Abha na Al-Baha. Yote mitatu! Hakuna Riyadh, hakuna Jeddah.

Tusidanganyane, Taif ya Agosti siyo Ulaya. Mchana inaweza kufika nyuzi 35. Ila jua likizama hewa inageuka, na ukiwa umetoka Makka au Riyadh unaona kama umefunguliwa friji. Abha ndiyo kiboko zaidi, ipo juu zaidi ya mita 2,000, na mchana wa Agosti haiendi mbali na nyuzi 30. Siyo ajabu kwamba Saudi Arabia ilipopewa Kombe la Dunia la 2034, Abha iliwekwa kwenye orodha ya miji mitano ya mechi.

Kingine ambacho mashabiki wengi walikichanganya ni timu ya Al-Tai. Wapo waliodhani ndiyo timu ya Taif. Hapana, ile ni ya Ha'il, kaskazini huko. Taif wana Wej na Okaz, timu za madaraja ya chini ambazo wewe na mimi hatuzitazami. Ndiyo maana mfano huu umenishika. Mji hauna timu kubwa, lakini ndiko kombe lilikonyanyuliwa.

KAITABA BILA LIGI KUU

Sasa turudi nyumbani. Msimu wa 2024/25 umeisha, Kagera Sugar imeshuka pamoja na KenGold. Takriban miaka 20 Ligi Kuu, imekwisha. Wanankurukumbi wale wale ambao Mei 19, 2018 walikwenda Uwanja wa Taifa na kuifunga Simba 1-0 siku ambayo Simba inakabidhiwa kombe, Rais Magufuli yupo jukwaani, na Simba ilikuwa haijapoteza mechi msimu mzima. Bao la Edward Christopher. Mpaka leo kuna watu Bukoba wanalisimulia kana kwamba walilifunga wao. (Na sisi wa Kagera kwa kujisifu, unatujua.)

Watu wanazungumzia kushuka kwa Kagera Sugar kama habari ya timu tu: nani anaondoka, kocha nani, usajili ulikosewa wapi. Sawa, hayo yatajadiliwa. Lakini kilichopotea ni kikubwa kuliko timu. Simba au Yanga wakija Kaitaba, mji unabadilika. Vyumba vya kulala wageni vinajaa kuanzia mbele ya stendi mpaka Rwamishenye. Watu wanatoka Muleba, Kamachumu, Missenyi, Karagwe, hata ng'ambo ya Mutukula. Bodaboda analala na hela. Mama ntilie anapika ndizi sufuria tatu badala ya moja. Mtoto wa Muleba ambaye hajawahi kufika Dar anamuona kwa macho yake mchezaji aliyembandika ukutani.

Hilo lote msimu ujao halipo. Litakuwepo la Championship, ambalo nalo ni zuri, lakini tunajua tofauti yake.

Kwa hiyo swali linalosumbua vijiwe vya Bukoba ni moja: tunarudi lini? Nami nadhani swali hilo halitoshi, maana jibu lake lipo mikononi mwa timu moja. Taif haikusubiri Wej ipande. Taif ilijitazama ikaona ina kitu ambacho Riyadh na fedha zake zote haina.

Na Bukoba ina nini?

HEWA AMBAYO HATUILIPII

Bukoba ipo mita 1,150 hivi, kando ya Ziwa Victoria. Mchana joto linazunguka nyuzi 26, usiku linashuka mpaka 16 au 17. Mwaka mzima! Hatuna ule mwezi ambao mchezaji wa Dar anafanya mazoezi saa 10 jioni fulana imemgandia kama ameogeshwa. Ukipanda Muleba kwa njia ya Muhutwe kupitia Kamachumu, ukungu wa asubuhi unakukuta barabarani. Mimi nimekimbia kwenye ukungu ule nikiwa shule, peku, na nilidhani kila mahali Tanzania watoto wanafanya mazoezi hivyo. Nilipokwenda Dar kusoma diploma ndipo nilipojua kumbe kuna watu wanakimbia dakika 20 wanaishiwa pumzi kwa sababu ya joto tu.

Watu wa Kagera watacheka hapa. Watasema: wewe kijana, umesahau mvua? Sijasahau. Bukoba ni moja ya sehemu zinazonyeshewa sana nchi hii, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ukipanga mazoezi ya asubuhi unajidanganya. Lakini angalia kalenda. Miezi mikavu ya Bukoba ni Juni, Julai na Agosti. Na klabu za Tanzania zinafanya kambi ya kujiandaa na msimu lini? Julai na Agosti. Imekaa kama vile aliyepanga mvua alishauriana na bodi ya ligi.

Pamoja na hayo, kila Julai mabegi yanafungwa kwenda nje. Simba walikwenda Ismailia, Misri, mwaka 2022. Mwaka 2023 wakaenda Uturuki. Mwaka 2024 wakarudi Ismailia. Azam walikwenda Sousse, Tunisia, 2023. Yanga mwaka jana wakaenda Afrika Kusini na kule wakawapiga Kaizer Chiefs 4-0.

Hapa nataka niwe mkweli, kwa sababu kuna mashabiki huku kwetu wanaosema klabu zinakwenda nje kwa ufahari tu. Siyo kweli, au siyo kweli yote. Ismailia mwezi Julai inafika nyuzi 36. Yaani Simba walitoka Dar, ambayo Julai ndiyo ina nafuu yake, wakaenda kwenye joto kali zaidi! Hakuna kocha anayemchukua mchezaji kumpeleka kwenye joto namna ile kwa sababu ya upepo. Walifuata viwanja. Walifuata nyasi zilizokatwa sawasawa, gym mlango wa pili, bwawa la kuogelea, chakula kinachofika saa iliyopangwa, na timu nyingine za kucheza nazo kirafiki. Hewa ni mbaya, lakini kila kitu kingine kipo.

Sisi ni kinyume chake. Hewa ipo, kila kitu kingine hakipo. Ukilitambua hilo unakuwa umeshajua kazi ilipo, na kazi yenyewe ni rahisi kuliko ya Misri. Misri hawawezi kununua hewa ya Bukoba. Sisi nyasi tunaweza kupanda.

KAPETI LA KAITABA

Tuanze na Kaitaba yenyewe, maana ndiyo kila mtu anaitaja. Ni uwanja wa watu kama elfu tano, na ni mali ya Manispaa ya Bukoba, kwa hiyo hakuna haja ya kubembeleza mtu wa mbali. Una nyasi bandia zilizowekwa kwa msaada wa FIFA, kazi iliyokamilika 2016 baada ya timu kuhangaika kwa muda mrefu ikicheza mechi zake za nyumbani mikoa ya watu. Kwa mechi, kapeti lile lilitusaidia. Mvua ikinyesha mpira unaendelea.

Kwa kambi, ni habari nyingine. Waulize wachezaji. Mazoezi ya mara mbili kwa siku, wiki tatu, juu ya nyasi bandia, magoti na vifundo vinalia. Kocha wa timu kubwa hatakubali, na ana haki. Kwa hiyo mtu akikuambia tuwaite Simba na Yanga waje kambi Bukoba kwa sababu tuna Kaitaba, huyo hajakaa na daktari wa timu.

Kinachotakiwa ni viwanja viwili vya mazoezi vya nyasi za asili. Siyo majukwaa, siyo taa za mamilioni. Nyasi, uzio, vyumba vya kubadilishia nguo na maji. Taif inamwagilia kila unyasi ulioko kwenye uwanja wake, kwa sababu wapo jangwani hata kama wapo mlimani. Sisi nyasi zinaota mpaka kwenye mifereji. Ukipita barabara ya Kamachumu utaona viwanja vya shule vya kijani ambavyo hakuna aliyevihudumia zaidi ya mbuzi.

Na hapa nina neno na TFF. Shirikisho limejenga vituo vya ufundi Kigamboni na Tanga kwa fedha za FIFA. Hongera, vilikuwa vinahitajika. Lakini vitazame kwenye ramani. Vyote viwili vipo pwani, kwenye joto na unyevunyevu. Tumeweka nguvu zetu kule ambako mchezaji anapoteza maji kabla hajagusa mpira. Wasaudi wenye fedha zisizohesabika walipanda mlima, sisi tukashuka baharini. Kituo cha tatu kikifikiriwa, kifikiriwe kwenye baridi. Hata kisipokuwa Bukoba, kiwe Muleba, kiwe Mbeya, kiwe Njombe, sitanuna. Sawa, nitanuna kidogo.

Kuna watakaosema habari ya kusajili mapafu, kwamba wachezaji wakafanye mazoezi juu ili damu iongezeke nguvu. Tusizidishe chumvi. Mita 1,150 haziwezi kufanya kazi ya Iten, Kenya, wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wa mbio ndefu kwenye mita 2,400. Hata Arusha imetuzidi. Bukoba haiuzi mwinuko. Bukoba inauza kwamba kocha anaweza kupanga mazoezi saa 5 asubuhi au saa 9 alasiri, na mchezaji akamaliza akiwa na nguvu ya kurudia. Kwa timu inayojenga pumzi, hiyo ni wiki ya ziada ndani ya wiki tatu.

UMBALI

Hoja nzito dhidi yangu ni umbali, na siikwepi. Dar mpaka Bukoba kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300. Uwanja wa ndege wa Bukoba ni mfupi, unapokea ndege za mapangaboi, na wachezaji wanaoogopa kuruka wanaijua historia ya Novemba 2022, sihitaji kuirudia. Kuna njia ya Mwanza: ndege kubwa mpaka Mwanza, halafu meli usiku, asubuhi mpo Kemondo au Bukoba. Timu ya wachezaji 25 inaweza kulala vizuri tu kwenye meli.

Lakini ukilinganisha na safari ya Uturuki? Na visa? Na dola?

Tufanye hesabu ya kijiweni. Msafara wa watu 40 wakikaa siku 14 ni malazi 560. Timu moja tu, mji mmoja, wiki mbili. Weka mayai, samaki, ndizi, magari, kufua jezi, daladala za mashabiki wanaokuja kuangalia mazoezi. Timu tatu zikija Julai moja, Bukoba imepata mechi kubwa kadhaa bila kuwa na timu Ligi Kuu. Na zikikutana zikacheza bonanza Kaitaba mwishoni, mtoto wa Muleba anamuona tena yule aliyembandika ukutani.

Tena siyo lazima tuanze na vigogo. Hiyo ndiyo tabu yetu, kila kitu tunataka kianze na Simba na Yanga. Anza na timu za Ligi Kuu zisizo na fedha za kwenda nje, ambazo kila mwaka zinajifungia kwenye hosteli za shule na kujiita zipo kambini. Anza na Pamba Jiji ya Mwanza, jirani wa ziwa. Anza na timu za Uganda, maana kutoka Mutukula mpaka Bukoba ni mwendo wa saa moja na kitu, na kwa Masaka au Kampala sisi tupo karibu kuliko tulivyo karibu na Dar.

Na AFCON 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Bukoba haimo kwenye miji ya mechi, na sidhani kama ilistahili kwa hali tuliyonayo. Waganda wao wameipeleka mpaka Hoima, mji ambao mashabiki wengi wa Tanzania hawawezi kuuonyesha kwenye ramani. Lakini timu 24 zitahitaji mahali pa kukaa wiki moja au mbili kabla ya mashindano, kuzoea hewa ya Afrika Mashariki bila kuchemka. Hapo mji wa ziwa wenye nyuzi 26 una la kusema, ukiwa na kiwanja.

Manispaa, chama cha soka cha mkoa na hao wafanyabiashara wetu wa Kagera walioko Dar, ambao kila Desemba wanarudi na magari makubwa, wakikaa meza moja viwanja viwili vya nyasi havishindikani. Bukoba wanaweza kutoa kimoja, Muleba kingine. Tofauti yetu na Taif haiko kwenye fedha tu. Wao waliamua kwamba baridi yao ni mali ya mpira. Sisi baridi yetu tunaijua tukiwa tunatafuta sweta.

Mvua za vuli Bukoba zinaanza Septemba. Nyasi zikipandwa mwezi huo zinanyeshewa bure mpaka Mei, na Juni kunakauka. Julai mwakani timu inaweza kufanya mazoezi juu yake.